Nilivyoifuata Ndege Eldoret kwa Pikap ya Maziwa

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya watu, mbele ya mzee wangu, na mbele ya mtu ambaye nilimbeba tumboni mwenyewe.

Wacha nianze na waliokuwepo, mtu asije akasema nimejitungia. Nilikuwepo mimi, Rebeka, ambaye nyinyi kina mama wote wa Silibwet mnaniita Bot Kipkoech, yaani mama wa Kipkoech, kwa sababu ya kifungua mimba wangu. Alikuwepo Joel Rotich, mume wa binti yangu Chelangat, mwenye pikap ya kubeba maziwa. Chelangat mwenyewe alikuwepo. Alikuwepo Tabitha Chepkorir, ambaye tuliolewa mwaka mmoja, mashamba yetu ya chai yanapakana, na midomo yetu haijawahi kupumzishana. Na alikuwepo Mama Akinyi wa kiwanda cha chai, jirani ya Chelangat, mzaliwa wa upande wa Kisumu. Huyo tulimchukua atuonyeshe uwanja wa ndege uko wapi.

Tulikuwa watano. Aliyekosea ni mmoja.

Naandika jioni hii hii kabla Tabitha hajarudi huko kwenu. Mnamjua. Akitangulia yeye, mtasikia nilining'inia kwenye bawa la ndege.

Mnajua mzee wangu, Arap Mutai, amelazwa hapa Bomet, hospitali ya misheni, na ile kitu iko tumboni mwake. Daktari amesema apasuliwe kesho asubuhi. Ikipita kesho, hatahesabu tena siku, atahesabu saa. Lakini mzee akakataa. Akasema, "Mimi sikatwi kabla sijamtemea mate Kipkoech. Nikilala usingizi wa dawa nisiamke, mtoto atabaki na nini?" Daktari akamwambia anaweza kumbariki kwa simu. Mzee akageuza uso upande wangu. Akaniambia kwa Kipsigis nimuulize huyo kijana kama mate yanapita kwenye waya.

Basi Kipkoech akapigiwa simu huko Amerika, na akasema anakuja. Miaka tisa hatujamwona. Ndege kubwa mpaka Nairobi, halafu ndege ndogo mpaka Kisumu, leo asubuhi. Kazi yangu ilikuwa moja. Nimtoe Kisumu nimlete Bomet kabla wageni hawajafungiwa mlango wa wodi. Kama nisingemfikisha leo, mzee angeshuka kitandani kesho arudi nyumbani kufa. Namjua. Hakuna mtu angemrudisha.

Tuliondoka alfajiri. Mvua hii wanayoiita El Nino ilikuwa haijanyamaza tangu jana. Kwa vile kwetu mama mkwe haketi bega kwa bega na mkwe wake, Chelangat alikaa mbele na Joel, sisi watatu tukakaa nyuma chini ya turubai, kati ya mikebe ya maziwa. Ukitaka kumwambia dereva kitu, unamwambia Chelangat kwa kale kadirisha kadogo, naye anamwambia Joel. Joel akitaka kunijibu, anamwambia Chelangat. Hata leo pahali pabaya kabisa, hatujazungumza yeye na mimi uso kwa uso. Kumbukeni hilo. Ndilo lililonimaliza.

Tulipofika Kisumu mvua ilikuwa inapiga mpaka ziwa halionekani. Niliingia ndani na gambuti zangu, nikaacha matope kwenye sakafu yao kutoka mlangoni mpaka mezani. (Viatu vizuri vilikuwa kwenye mfuko. Nilikuwa navihifadhi nivae mtoto akitokea.) Pale mezani kulikuwa na msichana wa sare, mpole, kucha zimepakwa rangi.

"Mama, ile ndege haijashuka," akasema. "Mvua ilikuwa kubwa, rubani akashindwa kuona. Ameenda kutua Eldoret, kwa ule uwanja mpya."

"Eldoret!" nikasema. "Na mtoto wangu yuko ndani?"

"Yuko ndani. Kaeni tu hapo kwa viti. Mvua ikiisha watarudi."

"Ikiisha lini?"

"Hatujui, Mama."

Sasa sikilizeni vile akili yangu ilifanya kazi, na mniambie kweli kama ninyi mngefanya vingine. Lori la majani chai likikosa kufika kwenye banda letu la kupimia majani kwa sababu ya matope, sisi tunafanya nini? Tunakaa? Hatukai. Unabeba kikapu mgongoni, unateremka na mvua yako, unalifuata lori mpaka kwa banda lilipokwama. Yule anayekaa kungoja lori lije, majani yake yanakuwa meusi, na karani anayamwaga chini. Hivyo ndivyo nimeishi tangu tupande chai. Lori lililokwama halikufuati. Wewe ndiwe unalifuata.

Nikaenda kwa kadirisha nikamwambia Chelangat, "Mwambie bwana yako awashe gari. Tunaenda Eldoret."

Nikasikia Joel akinong'ona huko mbele. Halafu Chelangat akasema, "Mama, Joel anasema Eldoret ni mwendo wa saa mbili na nusu barabara ikiwa kavu. Na leo si kavu."

"Mwambie tunajua."

"Anasema ndege inatoka Eldoret inafika hapa kwa dakika ishirini."

"Dakika ishirini!" nikasema. "Dakika ishirini maziwa hayajachemka! Mtu anaweza kutoka Unandi akaona ziwa kwa dakika ishirini?"

Yule msichana wa sare alikuwa ametoka na mwavuli kututazama. Akasema, "Ni kweli, Mama. Wakiamua kurudi, nyinyi hamtakuwa mmefika hata Chavakali."

Mama Akinyi naye akanishika mkono. "Mama, mimi nimezaliwa hapa. Mvua ya ziwa ina hasira ya asubuhi tu. Tungojee kidogo, tunywe chai."

Nikamwambia maneno ambayo sasa hivi nikiyakumbuka nataka kuingia chini ya kitanda. Nikamwambia, "Mama Akinyi, wewe unajua samaki. Wacha mimi nifikirie mambo ya usafiri."

(Nimemwomba msamaha. Amenisamehe. Lakini amesema atalitumia.)

Joel angenikataza kama ningekuwa mtu mwingine. Yule kijana anajua magari na barabara kama mimi ninavyojua mashina ya chai yangu. Lakini mkwe atabishana vipi na mama wa mke wake, na baba mkwe yuko kitandani? Nikasikia tu gari limewashwa. Nikaona nimeshinda.

Barabara ile, wenzangu! Maji yalikuwa yanakatiza lami kama yana haraka kutuzidi. Pahali pengine tulishuka tukasukuma, mimi, Tabitha na Mama Akinyi, na Joel anamwambia Chelangat atuambie pole. Tulipopita Chavakali mvua ikapungua. Tulipofika Serem ikakatika, jua likatoka, na majani ya chai ya Unandi yakang'aa mpaka Tabitha akasema, "Hii chai yao ni safi, lakini hawajui kuipogoa."

Hapo ndipo tukasikia mngurumo juu.

Kandege kadogo, keupe, kanatoka upande wa Eldoret kanaelekea ziwani. Kalikuwa chini kiasi cha kuona madirisha. Mimi nikaondoa turubai, nikasimama, nikainua mikono yote miwili.

"Mungu awafikishe salama!" nikapaza sauti. "Popote mnakoenda, mpate watu wenu wakiwangojea!"

"Amina!" Tabitha akasema.

Mama Akinyi hakusema amina. Aliangalia ndege, akaniangalia mimi, akaangalia mikebe ya maziwa.

Pikap ikasimama. Joel akatoka, akakitazama kile kindege mpaka kikapotea, halafu akaenda upande wa Chelangat. Chelangat akaja kwa kadirisha. "Mama, Joel anasema ile ndege ndiyo ile."

"Mwambie ndege ni nyingi huko juu."

"Anasema hii njia ina ndege moja tu asubuhi."

"Chelangat," nikasema, "baba yako anangojea. Mwambie aendeshe."

Akaendesha. (Nilimbariki mwanangu mwenyewe akinipita. Nilimwombea apate watu wake wakimngojea, na watu wake ndio sisi, tumesimama kwa pikap tukimpungia mkono aende. Niambieni nani katika Bomet nzima amewahi kufanya hivyo.)

Uwanja wa Eldoret ni mkubwa kama shamba la mzungu, mpya, unang'aa, na hauna mtu. Nilivaa viatu vizuri nikiwa ndani ya gari. Nikatangulia mbele kama chifu. Kulikuwa na askari mmoja, kijana Mnandi, amesimama peke yake na rungu lake.

"Chamgei, Kogo," akanisalimia kama nyanya yake. "Mnasindikiza nani?"

"Hatusindikizi. Tunapokea. Kuna kijana wangu, mwembamba, mrefu, nywele nyingi, ameshushwa hapa asubuhi na ndege ya Kisumu."

Askari akaniangalia, akaangalia matope kwenye nguo yangu, akaelewa. Akaondoa kofia. Mtu akiondoa kofia kabla ya kukujibu, wewe jua.

"Kogo, ile ndege ilipumzika tu hapa. Mvua ya Kisumu ilipoisha iliondoka. Labda mlipishana njiani."

Sikulia. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu yao mpya. Tabitha akakusanya nguo yake. Akakaa chini kando yangu.

Yule askari alikuwa na utu. Alituchukua mpaka ofisini, wakapiga simu Kisumu. Aliyejibu alikuwa yule yule msichana wa kucha, na sauti yake ilikuwa inasikika mpaka kwetu. Akasema ndege ilitua salama. Akasema kuna mwanamume alishuka akauliza watu wake, akaambiwa mama yake amemfuata Eldoret kwa barabara. Alisimama hapo kidogo, akasema, "Ndiye mama yangu huyo." Halafu akatoka nje.

"Akaenda wapi?" nikauliza.

"Hajui, Kogo. Alitoka tu."

Hajui! Basi tulianza kubishana pale nje. Chelangat akasema labda amekaa tu Kisumu, turudi. Tabitha akasema labda yeye pia ameifuata barabara anakuja Eldoret, kwa vile ni damu yangu. Nikaogopa zaidi, kwa sababu hilo lingewezekana. Niliona mbele ya macho sisi tukishuka yeye akipanda, yeye akishuka sisi tukipanda, mpaka mzee afe akingojea.

Mwishowe Joel alisema neno. Hakuniangalia. Aliangalia tairi la mbele akaliambia, "Mtu ambaye baba yake ni mgonjwa anaenda kwa baba yake."

Nilipanda nyuma. Tukateremka na Nandi Hills, tukapita kwenye mashamba ya miwa, tukatokea Awasi, tukaanza kupanda Kericho. Kila gari lililokuja mbele yetu nililichungulia ndani. Watu wengine walinipungia mkono.

Karibu na Kericho Tabitha akasema, "Bot Kipkoech, tukikosa kumpata Bomet, tuifuate ile ndege kubwa?" Halafu akaona uso wangu, akavua kitenge chake akanifunika magoti. Hilo pia mlijue, kwa sababu yeye hatawaambia.

Mimi nilikuwa natafuta maneno. Utamwambia nini mtu ambaye amekubali maumivu wiki mbili kwa ahadi ya siku moja? Nilikuwa nimemwambia jana, "Tulia, mimi mwenyewe nitamleta." Mimi mwenyewe. Sikusema Joel, sikusema Chelangat.

Tulifika hospitali jua likiwa limeanza kulala. Nilishuka kabla gari halijasimama vizuri, nikaacha wengine nyuma. Nesi wa mlangoni akasema nikimbie, wakati wa wageni unaisha.

Kitanda cha mzee kiko pembeni, karibu na dirisha. Daktari alikuwa ameketi kando yake, mgongo kwangu. Shati jeupe, kipara kidogo nyuma, miwani, mwili wa mtu anayekula vizuri. Alikuwa ameshika mkono wa mzee pale kwenye mshipa. Nikawaza, tayari wanampima, tayari ni mbaya.

"Daktari, pole kwa kazi," nikasema. "Tafadhali tupishe kidogo. Nina neno la aibu na mzee wangu."

Daktari akageuka. Akafungua mdomo.

"Tafadhali, baba," nikasema, sasa kwa ukali. "Toka nje kidogo. Ni mambo ya nyumba."

Akasimama, akatoka. Alitembea polepole, kichwa chini, kama mtoto aliyetumwa kuni.

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Wagonjwa wengine wote wakanyamaza kusikiliza, na mimi sikujali. Nikasema, "Mzee, nimempoteza Kipkoech. Alikuwa Kisumu, nikamfuata Eldoret. Akarudi Kisumu, mimi niko Eldoret. Sijui aliko sasa. Mkwe wako alinionya, Mama Akinyi alinikataza, msichana wa ndege alinikataza. Ni mimi. Kama ni hasira, nikasirikie mimi hata mpaka mwaka ujao. Lakini uwepo mwaka ujao. Kubali kesho wakukate. Usikatae kisu kwa sababu ya upumbavu wangu. Nitakutemea mate mimi, na yeye nitamtemea kwa niaba yako, Mungu atajua ni ya nani."

Mzee alikuwa amefunika uso na mkono. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Miaka yote hii sijamwona akilia, hata tulipomzika mama yake. Nikamshika mguu juu ya blanketi.

Kumbe anacheka. Ameshika tumbo lake bovu na mkono mwingine, machozi yanamtoka, na hawezi kutoa sauti.

"Rebeka," akasema alipopata pumzi. "Umemfukuza."

"Nimemfukuza nani?"

"Mtoto."

Wakati huo huo nikasikia Chelangat huko nje kwenye baraza akipiga kelele, "Kipkoech! Kipkoech!" Dada yake alimjua mara moja. Mama Akinyi, ambaye hajawahi kumwona maishani, alimjua. Joel alimjua. Na mimi, Bot Kipkoech, mwenye jina hilo, nimemtoa nje kama mtu aliyekuja kuuza mandazi wodini.

Nikageuka. Alikuwa mlangoni, dada yake amemning'inia shingoni, miwani imekaa upande.

"Mama," akasema, "naweza kuingia sasa?"

Msiniulize nilifanya nini. Tabitha atawaambia, na kwa hilo hatahitaji kuongeza chumvi.

Sasa mtasema mama gani hamjui mtoto wake. Lakini aliondoka hapa mwembamba kama fimbo ya kuchungia, na nywele mpaka masikioni. Na zile picha alizokuwa akituma ni za theluji, amejifunika kofia na skafu, unaona pua peke yake. Pua nilikuwa naijua. Leo sikupewa nafasi ya kuangalia pua.

Tulipotulia nikamuuliza, "Nywele zako uliziacha wapi?"

"Sijui, Mama. Labda zimebaki Eldoret."

"Nyamaza wewe!" Tabitha akamkemea. "Utafanya tuzifuate!"

Nesi akaja kututoa, akatukuta tumeshikana, naye akacheka bila kujua ni nini.

Na mambo yalikuwa hivi. Kipkoech alipotoka pale Kisumu alikodi gari moja kwa moja mpaka hapa. Alikuwa amekaa kitandani kwa baba yake tangu mchana, sisi tukiwa bado tunapungia magari. Mzee alikuwa ameshamtemea mate kifuani na kwenye viganja, na ameshamwambia daktari, yule wa kweli, kwamba kesho anakatwa. "Tulikuwa tunakungojea wewe tu," mzee akaniambia. "Nilimwambia mtoto, mama yako atafika, hata kama atapitia Turkana."

Sasa niko hapa nyumbani kwa Chelangat. Kipkoech amelala kwenye kochi na viatu vyake, safari imemmaliza. Kesho asubuhi mzee anaingia. Daktari hakuahidi kitu, alisema tu watafanya wanavyoweza. Basi mwombeeni, kila mtu kwa jina lake kamili, Stephen Arap Mutai. Na mkija kumwona baada ya kukatwa, nawasihi, mtu asitaje neno ndege. Akicheka, nyuzi zitafunguka.

Kama nimekosea jina la mtu, au nimesema Serem kumbe ilikuwa Kapsabet, ninyi mliokuwepo nirekebisheni. Chelangat, Mama Akinyi, hata wewe Tabitha. Joel naye amwambie Chelangat aniambie. Lakini kuhusu sura ya mtoto wangu, hapo niacheni. Nimevuta kiti karibu na kochi, na bado naisoma.